Paka Mwenye Maradhi ya Sukari: Sindano Mbili kwa Siku



Dada yetu mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ametuletea suala ambalo tangu tuanze kuandika hatujapata kulipokea mfano wake. Paka wake dume, mwenye miaka 11, ameonekana na daktari wa mifugo kuwa ana maradhi ya sukari, na tiba aliyoandikiwa ni sindano ya insulini mara mbili kwa siku, nyumbani, kwa mkono wa dada mwenyewe. Anauliza mambo manne. Je, kumdunga mnyama asiyeweza kusema si kumtesa? Je, insulini yenye asili ya nguruwe yafaa kuingia nyumbani mwake? Je, fedha hizo si israfu ilhali majirani wana shida? Na la nne, ambalo amelitia mwishoni kana kwamba ni jepesi, na kwetu sisi ndilo zito kuliko yote: mama mkwe wake naye hutumia insulini, kichupa kimo ndani ya friji ile ile, je, asimvutie paka humo humo?

Tutaanza na hilo la mwisho, kwani masuala ya fiqhi yaweza kungoja hadi chini ya ukurasa, lakini kichupa kilichomo frijini hakingoji. Jawabu ni hapana, wala si hapana ya kuhimiza tahadhari tu.

Insulini si dawa moja. Ipo inayofanya kazi upesi na kwisha baada ya saa chache, ipo inayokwenda taratibu mchana kutwa, na ipo iliyochanganywa namna mbili, ambayo wengi wa wazee wetu ndiyo wanayopewa kliniki. Ile ya mchanganyiko haikupangiwa mwili wa paka. Kisha kuna kipimo. Mzee aweza kudungwa yuniti 20 au 30 asubuhi na asidhurike. Paka wa kilo 4 au 5 aghalabu huanzishwa kwa yuniti 1 tu kila baada ya saa 12. Yuniti moja zaidi, ambayo kwa mama mkwe si kitu, kwa paka ni dawa maradufu.

Kisha kuna jambo la mabomba ya sindano, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Insulini za binadamu zinazouzwa kwetu ni za U-100, yaani mililita 1 ina yuniti 100. Insulini kadhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama ni za U-40, mililita 1 ina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake, na mistari ya bomba imechorwa kufuata dawa yake. Ukivuta dawa ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 1, hujavuta yuniti 1 bali 2 na nusu. Ukivuta dawa ya U-40 kwa bomba la U-100 hadi mstari huo huo, umepata 0.4, hata nusu haifiki. Wa kwanza aweza kumuua paka usiku huo; wa pili humwacha mgonjwa huku wenyewe mkidhani anatibiwa. Kifuniko cha bomba la U-40 mara nyingi ni chekundu na cha U-100 ni cha rangi ya chungwa, lakini rangi isitegemewe. Yasomwe maandishi ya kichupa na maandishi ya bomba, yakubaliane, ndipo sindano iguswe.

Na juu ya hayo yote, kichupa kile ni haki ya mama mkwe. Dozi yake imehesabiwa hadi siku ya kurudi kliniki. Hatuoni vipi mtu ataanza kumfanyia ihsani mnyama kwa kupunguza dawa ya mzazi wa mumewe. Dawa ya paka iwekwe ndani ya kopo lake lenye kifuniko, iandikwe PAKA kwa herufi kubwa, ikae rafu nyingine. Tena mama mkwe aelezwe kwa adabu kilichomo, asije akaona sindano ngeni akaingiwa na dhana.

Sasa tueleze maradhi yenyewe. Sisi si madaktari wa mifugo. Tunayoyaandika ni tuliyojifunza kwao, na mengine tumeyaona kwa macho, kwani nyumbani kwetu alikuwako paka mwenye mvi za kidevuni, watoto wakamwita Shaibu, aliyeishi na sindano kwa miezi 14.

Chakula kinapoyeyuka tumboni hutoa sukari iitwayo glukosi, ikaingia damuni. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, ndiyo inayoipisha sukari hiyo iingie mwilini ikatumike. Kwa paka, maradhi haya aghalabu hufanana na yale ya watu wazima: mwili huikaidi insulini, kongosho huongeza kazi, mwisho likachoka. Huwapata zaidi madume waliohasiwa, wanene, waliopindukia miaka 7 au 8, wanaoshinda ndani bila kuwinda. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu nazo huyaleta.

Dalili zake mama wa nyumba huziona kabla ya daktari. Paka hunywa maji kupita ada; akifikia zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, lipo jambo. Hukojoa sana, hata yule aliyekuwa nadhifu akaanza kukojoa pembeni mwa nyumba. Hula kwa pupa na bado akakonda mgongoni. Wako waliotanabahi kwa sisimizi kukusanyika pale alipokojoa. Na maradhi yakikaa sana, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hudhurika, paka akatembea kwa kisigino chote kugusa sakafu badala ya kwenda kwa vidole kama ilivyo kawaida ya paka. Shaibu alikuja kwa daktari akitembea hivyo. Watoto walidhani ameanguka ukutani.

Mtu asikimbilie kujihukumia mwenyewe. Sukari ya paka mwenye afya huwa baina ya 4 na 7 hivi kwa kipimo cha milimoli, lakini paka aliyetiwa kikapuni, akapitishwa katikati ya honi za matatu, akashikwa na mtu asiyemjua, sukari yake yaweza kuruka juu ya 16 kwa hofu tu. Kwa hiyo daktari hutazama na mkojo, au hupima kitu kiitwacho fruktosamini, ambacho huonyesha hali ya sukari kwa wiki kadhaa zilizopita na hakibadilishwi na hofu ya siku moja. Na daktari awe ni wa mifugo kweli, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si muuza dawa za kuku aliye tayari kukisia.

Tufike kwenye sindano, ambayo ndiyo humtia mwanadamu woga, paka hana habari nayo. Sindano ya insulini ni fupi na nyembamba mno. Paka hutiwa chakula chake kwanza, naye akiwa ameinamisha kichwa sahanini ndipo kazi ifanyike. Dawa iwe imekwisha kuvutwa kabla, povu la hewa limetolewa. Kichupa kichanganywe jinsi karatasi yake isemavyo: ziko insulini nyeupe kama maziwa zinazotaka kuchanganywa kabla ya kuvutwa, na iko glajini, ambayo ni angavu kama maji na haihitaji kuchanganywa. Hiyo angavu ikiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, itupwe.

Kwa mkono mmoja unainua ngozi ya ubavuni au ya juu ya bega mpaka ifanye mfano wa hema dogo. Sindano inaingia chini ya hema, kwenye bonde lake, si kileleni, isije ikatokea upande wa pili. Unasukuma, unangoja kidogo, unatoa. Kisha papasa manyoya. Yakiwa makavu, dawa imeingia. Yakiwa na unyevu na harufu ya dawa, basi imemwagika yote au baadhi yake, na hapa ndipo wengi hufanya kosa kubwa kwa nia njema: hudunga tena. Usidunge tena! Hujui ni kiasi gani kilichoingia. Subiri saa ya sindano ijayo. Paka kukosa dozi moja ni shida ndogo. Paka kupata mbili ni hatari ya mauti. Hukumu ni ile ile kwa paka aliyekurupuka katikati, na kwa yule aliyekwenda juu ya paa akarudi baada ya saa nyingi. Mahali pa kudunga pabadilishwe leo kulia, kesho kushoto, na sindano iwe mpya kila mara.

Jambo ambalo hatukulisoma kwenye karatasi ya dawa, nalo ndilo lililotufaa kuliko yote, ni daftari. Lilining'inizwa kwa uzi kwenye mlango wa friji: tarehe, saa, yuniti ngapi, amekula au hakula, na jina la aliyedunga. Nyumba zetu zina watu wengi, alhamdulillah. Mama amedunga akaingia kusali; binti arudi kutoka chuoni, amhurumie paka, naye adunge. Hakuna mwenye kosa hapo, lakini paka amekufa. Kwetu ilikuwa sheria kwamba lisiloandikwa daftarini lahesabiwa halijulikani, na lisilojulikana halirudiwi.

Sindano zilizotumika zitiwe ndani ya dumu gumu la plastiki lenye kizibo, likijaa lipelekwe zahanati au kwa daktari. Zisitupwe jaani. Wako watoto wanaookota chupa kule.

Kuhusu chakula, twajua paka wa pwani amelelewa vipi. Asubuhi kipande cha hamri kilicholowa chai, mchana wali uliobaki na mchuzi, jioni ugali na kichwa cha samaki. Paka ameumbwa mla nyama; wanga hana haja nao, na kwa paka mwenye sukari wanga ni kuni juu ya moto. Mchuzi wetu nao una kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili ni sumu kwa paka, mzima na mgonjwa. Kilicho bora kwake ni chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo. Vyakula vya mikebe vilivyotengenezwa kwa paka, vile laini, mara nyingi vina wanga kidogo kuliko vile vikavu vya tembe, na vipo maalumu kwa maradhi haya ingawa bei yake si ya kila nyumba. Asiyeviweza amwambie daktari wazi, wapange pamoja kuku wa kuchemsha na samaki aliyepikwa na kutolewa miiba. Samaki peke yake kila siku si chakula kamili, na baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1.

Lakini asibadilishe chakula kwa ghafla bila daktari kujua. Paka aliyezoea wali na ugali akahamishiwa nyama tupu, hitaji lake la insulini laweza kupungua mara moja, na dozi iliyokuwa sawa jana ikawa kubwa leo. Wala paka mnene asinyimwe chakula ili apungue. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta huvamia ini lake, na maradhi hayo yaweza kumuua kabla ya sukari. Apunguzwe taratibu, asilimia 1 hivi ya uzito wake kwa wiki. Funga ni yetu sisi, paka hakuamrishwa.

Hatari ya kila siku kwa anayetumia insulini ni sukari kushuka mno, si kupanda. Paka hulegea, huyumba kama aliyelewa, hutafuta chakula kwa wasiwasi au hukodoa macho asijue alipo, hutetemeka, mwisho hushikwa na kifafa. Kwa kipimo ni chini ya 3.3 hivi. Akiwa bado aweza kula, apewe chakula pale pale. Akishindwa, apakwe asali au maji mazito ya glukosi kwenye fizi kwa ncha ya kidole. Asimiminiwe kooni, kwani aliyepoteza fahamu huingiwa na maji mapafuni, na aliyeshikwa na kifafa aweza kukuuma bila kukusudia. Kisha daktari, hata kama amezinduka na kuanza kulia chakula, maana insulini iliyomo mwilini haijakwisha na asali hwisha upesi. Kijichupa cha asali kikae karibu na kopo la dawa. Kwa sababu hiyo hiyo paka aliyekataa kula au anayetapika asidungwe dozi yake nzima kwa mazoea. Apigiwe daktari simu kwanza. Na paka mwenye sukari aliyelala tu, hali, anatapika, pumzi yake ina harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo bila kungoja kuche.

Saa 12 baina ya sindano na sindano zatisha ukizisikia, lakini sisi watu wa pwani tumepewa wepesi ambao wenzetu wa Ulaya hawana. Huku kwetu karibu na ikweta jua halituchezei: mchana ni saa 12 na usiku ni saa 12 mwaka mzima, kasoro dakika chache, na saa zetu za Kiswahili zimepangwa juu ya jua hilo. Saa 12 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni. Watoto wakienda chuoni na watu wakitoka kwenye sala ya Magharibi. Ikichelewa au kutangulia nusu saa si neno. Ramadhani ndiyo yenye mtihani. Jioni ile kila mkono umo jikoni, kaimati zaungua, watoto wamekodolea macho tende, na hakuna amkumbukaye paka hadi baada ya Tarawehe. Twashauri mwezi huo kazi apewe mmoja maalumu, kijana aliyekwisha kujifunza, aimalize kabla ya adhana. Kumsogeza paka hadi saa za daku ili imwafikie mdungaji hakufai, labda daktari apange upya saa zote mbili.

Na joto letu, na umeme wetu. Insulini hukaa kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha. Ikiganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Joto la zaidi ya nyuzi 30 nalo huipunguza nguvu. Umeme ukikatika saa chache, usifungue friji. Ukikatika siku nzima, mtungi wa udongo uliolowa nje, ukawekwa penye upepo na kivuli, ndani yake kichupa kikiwa ndani ya kifuko kikavu, hupunguza joto kiasi cha kusaidia. Bibi zetu walihifadhi maji hivyo. Kichupa kisilazwe juu ya barafu.

Apendaye kupima sukari nyumbani aweza kujifunza. Tone dogo la damu hutolewa ukingoni mwa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa, na paka wengi hulizoea kwa kupewa kipande cha nyama baada yake. Siku moja, daktari atakapotaka, hupimwa kila baada ya saa 2 kuanzia sindano ya asubuhi hadi ya jioni, ijulikane sukari yashuka lini na hadi wapi. Kipimo cha binadamu aghalabu humsoma paka chini ya hali yake ya kweli, kwa hivyo daktari aambiwe ni kipimo gani kilichotumika. Ziko pia tembe mpya za kunywa. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya namna yake kwa paka Disemba 2022. Lakini si za kila paka, na hazikukusudiwa paka aliyekwisha kuzoea insulini, kwa hiyo dada yetu asizifukuzie.

Lililo la furaha ni kwamba baadhi ya paka, hasa wakitibiwa mapema na chakula kikirekebishwa, sukari yao hutulia, insulini ikaachwa kabisa. Shaibu hakuwa miongoni mwao, ila miguu yake ya nyuma ilinyanyuka tena baada ya miezi kadhaa, akarudi ukutani kwake. Dozi ipunguzwe na daktari, si na sisi kwa kuona paka amechangamka.

Turudi kwa masuala matatu yaliyobaki. La kumtesa halitutii taabu. Mama ampelekaye mwanawe kuchanjwa hatusemi anamtesa. Mtume (S.A.W.) alitutajia mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, na kosa lake lilikuwa kumfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Aliye mikononi mwetu tumebebeshwa haja zake.

La nguruwe lahitaji maelezo. Insulini ilipatikana mjini Toronto mwaka 1921 na Banting na Best, wakiijaribia kwa mbwa. Januari 1922 ikadungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa. Kwa miaka 60 hivi baada ya hapo karibu dawa yote ya dunia ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, hadi mwaka 1982 Marekani ilipoidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria. Kwa hiyo siku hizi mtu ana hiari. Ile iitwayo Caninsulin, ya U-40, ni ya nguruwe. Glajini hutengenezwa kwa bakteria, haina nguruwe, na madaktari wengi huipendelea kwa paka. Ajabu ni kwamba hata kwa maumbile insulini ya paka inakaribiana zaidi na ya ng'ombe kuliko ya nguruwe. Basi dada yetu amwombe daktari glajini, na suala limekwisha kabla halijaanza.

Isipopatikana ila ile ya nguruwe, tuonavyo sisi hapana dhambi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameruhusu dawa yenye najisi kwa binadamu pale tabibu mwaminifu anapothibitisha kuwa tohara ya namna yake haipo, na mnyama, asiyekuwa na taklifu, jambo lake ni jepesi zaidi. Wameruhusu pia alishwe kilichonajisika. Kazi inabaki kwa mkono wa mdungaji. Tone likimwagikia mkononi au nguoni, lililotegemewa katika madhehebu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, ingawa Imamu Nawawi aliona kwa nguvu ya dalili kuwa mara moja yatosha kwa nguruwe. Avae glavu, apumzike na yote mawili.

Ama israfu, twasema hivi. Kumlisha mnyama uliyemfunga nyumbani ni wajibu. Tiba ya gharama ni kwa kadiri ya uwezo. Mtu asiingie deni, asikate karo ya mwanawe, wala asipunguze sahani ya jirani yatima. Aulize bei zote kabla ya kuanza: dawa, mabomba, vipimo, chakula, na nauli ya kwenda kwa daktari. Kalamu moja ya glajini ina yuniti 300, na paka wa yuniti 2 kwa siku hutumia 56 tu katika siku 28 ambazo watengenezaji huziruhusu baada ya kufunguliwa, kwa hiyo kinachotupwa ni kingi kuliko kinachotumika. Amwulize daktari kama ipo njia ya kuokoa. Asiyeweza kabisa amtafutie paka nyumba yenye uwezo. Asilolifanya, na tunalisema kwa sababu tunaliona, ni kumtia paka guniani na kumwachia soko la samaki usiku. Paka mzima atapigania utumbo wa changu. Mwenye sukari atakufa kwa kiu, siku baada ya siku.

Na ikifika hali ambayo dawa haisaidii tena na paka yu katika mateso, daktari huenda akashauri sindano ya kumlaza moja kwa moja. Katika vitabu vya madhehebu yetu, kumuua mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kumpumzisha kumekatazwa. Kwa Mahanafi na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi kumeruhusiwa pale matumaini yanapokatika na maumivu kudhihiri. Hilo hatulimalizi kwa mistari mitatu. Atakayefikwa nalo aje atuone baada ya sala ya Alasiri, au amwendee sheikh wa mtaa wake, pamoja na maneno ya daktari yaliyoandikwa, ili hali ya paka huyo hasa itazamwe.

Wallahu aalam.